Masta ya uuguzi na topiki ya vidonda vya mgandamizo: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada hongera kwa kumaliza ya darasani. Umeuliza kama vidonda vya mgandamizo (vile vya kulala upande mmoja muda mrefu) ni topiki ya kutosha kwa masta na kama unaweza kukusanya data wodini kwako. Mi nilifanya topiki hiyohiyo, wodi ya mifupa hapa Dar, kwahiyo nakujibu nilivyoona.

Topiki inatosha sana, ila hapo ulipoandika "kupima uelewa na mtazamo wa wauguzi" mi ningefuta. Nesi yeyote hata ukimwamsha usingizini ukamuuliza mgonjwa asiyejiweza anageuzwa kila baada ya muda gani atakujibu masaa mawili, sasa utagawa dodoso zako, utakuta karibu wote wanajua, halafu? Kidonda bado kipo. Kaa wodini uangalie nani anageuza. Kule nilikokusanya data, mgonjwa aligeuzwa ndugu wakija, asubuhi na uji, mchana, jioni, baada ya hapo ni chali mpaka kesho maana usiku nesi mmoja na wodi imefurika mpaka magodoro ya chini. Huyo ndugu dodoso la wauguzi halimuoni kabisa! Na chati ya kugeuza usiitegemee peke yake, utakuta saa nne, saa sita, saa nane zote zimejazwa kwa mkupuo, mwandiko uleule, zamu inaisha.

Kifaa tumia skeli ya Braden, ya kupima nani yuko hatarini kupata kidonda, ipo tangu 1987, vipengele sita, alama 6 hadi 23, mtu mzima akiwa na 18 kushuka unamhesabu yuko hatarini. Ila kuna kitu supavaiza wengi wanapita juujuu: hatua ya kwanza ya kidonda vitabu vinasema wekundu usiofifia ukibonyeza, sasa kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu gani utauona? Mgeuze kidogo, weka mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa mkia, pale chini ya mgongo, na kwenye visigino, linganisha na ngozi ya pembeni, pakiwa pa moto au pagumu kuliko jirani yake, au panauma, au pamebadilika rangi, andika. Hilo liweke kwenye propozo na mfundishe msaidizi wako wa data, bila hivyo hatua ya kwanza zote zitawapita halafu utaandika wodi haina tatizo.

Sampuli, tafadhali usikopi ile idadi ya 384 ya kila disateshen, hiyo fomula inaitoa kwa watu wengi sana. Wodi ikiwa na wagonjwa 60 wanaofaa, ukirekebisha fomula inashuka mpaka 52 hivi, na kwa watu hao bora uwachukue wote tu.

Vibali: kamati ya maadili ya chuo, barua ya hospitali, halafu inchaji wa wodi, huyu nenda mwenyewe usitume barua. Na andika kabisa utafanyaje ukikuta kidonda kibichi, maana huwezi kujaza fomu ukaondoka, unamwambia nesi wa zamu palepale.

Wodini kwako mwenyewe mi nasema hapana. Wenzako watageuza wagonjwa kwa sababu upo, na mgonjwa ataogopa kukukataa kwa vile ndo wewe unayemchoma sindano jioni. Omba wodi nyingine hapohapo hospitali, fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha kawaida, na siku za kwanza za kuangalia, kabla hawajakuzoea, usizihesabu kwenye data.