Kusimamisha kazi za bakapu kwa muda: angalia kwanza kisichosimama

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba diski za kuhifadhia bakapu, yaani nakala za akiba za data, zitafanyiwa matengenezo mwishoni mwa wiki, nawe unataka kuzisimamisha kazi zote bila kuzifuta ratiba zake. Nimesimamia mifumo ya aina hii kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu kuzima ni jambo la dakika chache; kinachohitaji uangalifu ni yale yanayoendelea kutendeka wakati bakapu zimelala.

Jinsi ya kuzima hutegemea programu ya bakapu unayotumia. Katika Veeam unazima kazi moja moja, au nyingi kwa pamoja kwa amri ya Disable-VBRJob kupitia PowerShell, programu ya Microsoft ya kuandikia amri, na ratiba hubaki kama ilivyokuwa. Katika NetBackup, amri ya nbpemreq -suspend_scheduling huzuia kazi za ratiba zisianzishwe, na -resume_scheduling huziruhusu tena. Commvault naipendelea zaidi katika hili, kwa sababu unapozima shughuli unaweza kuipangia saa ya kujiwasha yenyewe, hivyo hutegemei kumbukumbu ya mtu aliyekesha. Kazi ambazo tayari zinaendelea, subiri zimalizike kabla fundi hajagusa diski.

Sasa tuje kwenye logi za hifadhidata, yaani kumbukumbu za kila badiliko linalofanywa ndani yake, ambako ndiko nimeona madhara makubwa. Hifadhidata ya SQL Server inapotumia mfumo wa urejeshaji kamili haiachii nafasi ndani ya faili la logi mpaka bakapu ya logi ichukuliwe, na hifadhidata ya Oracle inayotunza logi zake huendelea kuzilimbikiza mpaka eneo lake lijae. Katika taasisi moja niliyoihudumia, kazi zote zilizimwa Ijumaa jioni, za logi zikiwamo; kufikia Jumapili usiku eneo hilo lilikuwa limejaa, na watumiaji wakawa wanapata kosa la ORA-00257, ambalo Oracle hulitoa logi zinapokosa nafasi ya kutunzwa, ilhali seva yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Kwa sababu hiyo kazi za logi huwa sizizimi, bali nazielekeza kwa muda kwenye diski nyingine. Msimamizi wa hifadhidata naye aambiwe mapema, kwani akichukua bakapu ya logi kwa njia yake mwenyewe kisha akaifuta, mnyororo wa urejeshaji, yaani mfululizo wa logi unaotumika kurejesha data, utakatika.

Iwapo matengenezo yatarefuka, angalia pia muda wa kuishi wa nakala za zamani. Katika NetBackup muda huo huhesabiwa kwa tarehe, na nakala hufikia ukomo wake hata kama hakuna mpya iliyochukuliwa. Unaweza kuusogeza mbele kwa amri ya bpexpdate.

Wakati wa kurudisha, usiziwashe zote kwa mpigo, maana zilizochelewa zitagombania mtandao na diski zilezile. Anza na mifumo ambayo shughuli za kila siku haziwezi kwenda bila hiyo. Kabla ya kuzima chochote, andika orodha ya kazi ambazo tayari zilikuwa zimezimwa kwa sababu nyingine, ili amri ya kuwasha zote isizifufue, kisha ilinganishe na hali iliyopo kabla hujatangaza kuwa matengenezo yamekwisha.