Maswali na Majibu: Mpini wa Beki katika Lakrosi

Maswali ya safari hii, kutoka kwa wachezaji wa hapa Uganda, yanahusu mpini wa fimbo ndefu ya beki wa lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu. Mpini ni ile sehemu inayoshikwa kwa mikono na kufungwa kichwa chenye wavu.

*Kocha anataka ninunue mpini wa inchi 60, nami ni mfupi. Je, niukate? (Beki, Jinja)*

Katika lakrosi ya wanaume ya uwanja mkubwa, fimbo ndefu pamoja na kichwa chake huwa kati ya inchi 52 na 72, yaani sentimita 132 hadi 183, kwa hiyo mpini wa inchi 60 ukifungwa kichwa hukaribia kikomo cha juu, na si lazima kukifikia. Hata hivyo, nakusihi uuzoee kwanza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa urefu huo ndio unaomzuia mshambuliaji asikufikie kifuani, na kilichokatwa hakirudi. Ukiona bado unachelewa kugeuka nao, punguza inchi moja moja, piga msasa ncha yake, kisha urudishe kizibo, ambacho sheria inakitaka.

*Alumini au kaboni? (Mchezaji, Kampala)*

Kwa beki anayeanza, alumini. Kaboni ni nyepesi na hupendeza mkononi, lakini ikipigwa sana huweza kupasuka ghafla, ilhali alumini hubonyea au kupinda kwanza, nawe ukaona mapema kwamba umri wake unaisha. Titani hudumu, ila bei yake ni kubwa. Wengi hukimbilia wepesi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao: beki hupiga na kupigwa kwenye mpini mchezo mzima, na uzito kidogo humsaidia kuusukuma mkono wa mshambuliaji, mradi asichoke kuuinua.

*Nimeuziwa mpini uliotumika. Nikague nini? (Beki, Mbale)*

Funga jicho moja uutazame kwa urefu wake, kama seremala anavyoutazama ubao, nawe utauona mpindo hata ukiwa mdogo. Kisha pitisha vidole polepole kwenye pembe zote nane, hasa karibu na kichwa ambako mapigo huangukia. Bonyeo dogo linavumilika, lakini ufa au ukingo mkali haufai, kwa maana utamkata mwenzako. Mwisho, funga skrubu ya kichwa na ukitikise. Kikicheza, tundu limepanuka.

*Lakrosi ya Olimpiki ya 2028 haina fimbo ndefu. Je, bado ninunue? (Mchezaji, Masaka)*

Ni kweli kwamba katika Olimpiki hiyo, huko Los Angeles, watacheza watu sita kila upande, wote isipokuwa kipa kwa fimbo fupi. Lakini mchezo wa watu kumi wa uwanja mkubwa ungalipo, na ndio ambao Uganda ilishiriki mwaka 2014 katika mashindano ya dunia huko Denver, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Katika mchezo huo timu huruhusiwa fimbo ndefu nne uwanjani kwa wakati mmoja, mbali na ya kipa. Ikiwa timu yako hucheza huo, nunua ndefu. Ikiwa hucheza wa sita tu, fedha yako iweke kwenye mpini mfupi wa inchi 30.