Hakuchelewa, maji yalikuwa yamekupwa

Swali lenu la wiki hii, ati tutajuaje watu wa vijijini wanahitaji nini kiafya na kwanini hospitali hawafiki, limenigusa sana kwasababu mie ni mtu wa kisiwa cha Pate huku Lamu na maswali kama hayo nishaulizwa zaidi ya mara moja. Huja vijana na tableti zao, wana adabu wallahi, wauliza kituo cha afya kiko kilomita ngapi, twawaambia hazifiki tano, waandika, waenda zao. Sasa kilomita yamfaa nini mtu wa kisiwani? Sisi safari twaipima kwa maji.

Wifi yangu, miaka kadhaa nyuma, alishikwa na uchungu baada ya isha na ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana. Nesi wa zahanati (alikuwa peke yake na alijitahidi, mtoto wa watu) kamwangalia akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ataka kupasuliwa, apelekwe Amu, mjini Lamu kwenye hospitali. Mwenye kuijua bamvua ajua saa nne usiku maji yashatoka yote, boti imelala topeni, na hata mngeisukuma mkaitoa basi pale Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kuendea Amu, hampiti mpaka maji yajae. Tukakaa jeti na mgonjwa juu ya mkeka mpaka saa nane, yeye analia na sisi twaangalia maji. Petroli tulichangiana, kaka yangu akaweka rehani mashine ya boti yake. Tukafika alfajiri, mama alhamdulillahi alipona, mtoto tulimkosa. Na kwenye faili wakaandika amechelewa kuja.

Neno hilo nimeliona kwa macho yangu na laniuma mpaka leo. Mtu akikaa mwisho wa mwaka akahesabu yale mafaili ataona wanawake wa Pate wachelewa kwenda hospitali, ataandika hawana elimu, na tutaletewa semina. Sisi tulitaka boti ya wagonjwa na mtu wa kupasua huku huku kisiwani.

Kwahio jibu langu ni kwamba hesabu isianzie hospitalini, daftari la hospitali lina waliofika tu. Kaeni na wakunga, wao wajua nani kazalia nyumbani na nani kazikwa. Wanawake waulizwe peke yao sababu mbele ya mume hakuna atakayesema nauli ndio ilomzuia. Na msije kaskazi bahari ikiwa shwari, njooni kusi, mwezi wa sita wa saba, muone boti ngapi zatoka. Halafu kuna wavuvi wako dago, kambi zao za uvuvi mbali na nyumbani, wiki nyingi, ukibisha mlango nyumbani humpati, na yeye ana presha na dawa zimemuishia.

Bara kule kwa Waboni, watu wa msituni, vijiji vya Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, hesabu ni nyingine kabisa, shida yao kubwa imekuwa usalama. Baada ya mashambulizi ya al-Shabaab ya 2014 na ile operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ya 2015 zahanati zikafungwa kwa miaka, na msitu waliokuwa wakichuma dawa na asali nao wakazuiliwa kuingia. Huyo ukimuuliza kilomita pia hujamuuliza kitu.

Watu wa kuifanya hii kazi tunao tayari, wale wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa vya afya 2023, wapita nyumba kwa nyumba na wanatujua kwa majina. Waongezewe maswali matatu tu kwenye simu zao: maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, boti ilikuwepo, na pesa ya petroli ilitoka wapi. Na huko hospitalini lile neno amechelewa lisiandikwe mpaka hayo matatu yawe yamejazwa.