Usisubiri SDK ya PlayStation, anza na ya Game Boy

Vijana wengi huniuliza SDK (kifurushi cha zana za kutengenezea programu) ya PlayStation 5 inapatikana wapi. Sony na Nintendo huwapa SDK zao watengenezaji waliosajiliwa na kukubali masharti ya usiri. Ukiikuta imevujishwa mahali, usiiguse. Mchezo uliojengwa juu yake hutaweza kuuuza kihalali.

Mlango ulio wazi upo. GBDK-2020 ni SDK ya bure ya Game Boy, konsoli ya mkononi iliyotoka mwaka 1989. Unaandika kwa lugha ya C, kompaila (programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine) inakutolea faili moja, unalifungua kwenye emuleta, yaani programu inayoiga konsoli.

Mimi nilianza kwa kutengeneza bao. Kwa kuwa spraiti, yaani picha ndogo zinazochorwa juu ya picha ya nyuma, ndizo zinazotembea kwenye skrini, nikaifanya kila kete kuwa spraiti yake. Sasa hesabu: bao la kiswahili lina kete 64, Game Boy inaonyesha spraiti 40, tena zisizozidi 10 kwenye mstari mmoja wa skrini. Kete zikawa zinatokea na kupotea. Siku mbili nilisaka kosa kwenye programu yangu, kumbe kikomo ni cha mashine. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuandika chochote, jua mashine yako inabeba nini.

Nikarudi kwenye daftari. Skrini ina pikseli 160 kwa 144, na picha ya nyuma hupangwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Kila shimo nikalipa vigae vinne, kwa hiyo mashimo manane yakachukua pikseli 128 kwa upana, na safu zote nne 64 kwa kimo. Bao zima likaenea, na pakabaki nafasi ya kuonyesha kete zinazosubiri kunamuliwa, yaani kuingizwa ubaoni. Spraiti nikauachia mkono unaosambaza kete, basi.

Halafu kuna kasi. Prosesa ya Game Boy haina amri ya kuzidisha wala kugawanya. Kete za mchezaji huzunguka mashimo 16, nami kila hatua nilikuwa nagawanya kwa 16 kutafuta baki, tena kwa int, namba ya biti 16. Nilipohamia uint8_t, namba ya biti 8 tu, na kuandika & 15, inayotoa baki lilelile bila kugawanya, kompyuta niliyocheza nayo ikaacha kunichelewesha kwenye zamu yake.

Ukishaipakua GBDK-2020, fungua folda ya examples. Chagua mfano mmoja mdogo, ukompaili ulivyo, kisha badilisha kigae kimoja uone kinatokea wapi.