Mwanangu ametimiza miaka saba: je, sasa ni zamu yangu?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, Mahakama ya Mwanzo ilivunja ndoa yangu mwaka 2020, ikaamuru mtoto wetu, wakati huo wa miaka mitatu, akae na mama yake, nami nitoe matunzo kila mwezi na kumwona wakati wa likizo. Nilipata kazi ya udereva wa malori ya Lubumbashi; mwaka wa kwanza nilituma fedha, baadaye nikaacha. Sikukuu iliyopita nilimpelekea viatu, vikarudishwa kwa kuwa havikumwingia. Mtalaka wangu hataki nimwone mtoto, na kaka yake anasema haki zangu zimekwisha. Wazee wangu wanasema mtoto akifika miaka saba ni wa baba, nimfuate tu shuleni. Nifanye nini?
Baba wa Tunduma

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hiyo miaka saba, maana sipokei mafungu mawili ya barua bila kukutana nayo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kwamba mtoto aliye chini ya umri huo anafaa kukaa na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakisemi popote kwamba akishautimiza anahamia kwa baba, kama kiwanja ambacho mkataba wake wa kupanga umekwisha. Hakimu hutanguliza ustawi wa mtoto, kisha husikiliza matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kutoa maoni, pamoja na mila za jamii yao. Tena anatakiwa kuzingatia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Mwanao amekaa na mama yake miaka yote hii, na jambo hilo peke yake lina uzito mkubwa dhidi ya ombi la kumhamishia kwako.

Shemeji yako wa zamani naye amekosea. Ubaba haufutiki kwa kutoonekana, na amri iliyokuruhusu kumwona mtoto inabaki hai mpaka mahakama iibadilishe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 26, inampa mtoto wa wazazi waliotalikiana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye, mradi masomo yake hayaingiliwi. Tazama haki hiyo imeandikwa kwa jina la nani: ni ya mtoto. Ukisimama mbele ya hakimu na kauli ya “damu yangu”, utaulizwa yuko darasa la ngapi, anaugua nini mara kwa mara, na, samahani kukukumbusha, anavaa viatu namba ngapi.

Kuhusu matunzo sina la kukupunguzia. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamtwika baba wajibu wa kumpatia mtoto malazi, mavazi, chakula na elimu hata akiwa analelewa na mtu mwingine, kwa hiyo kunyimwa kumwona hakukupi ruhusa ya kuacha kutuma. Anza kulipa mwezi huu, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na upendekeze kwa maandishi namna ya kulipa malimbikizo kidogo kidogo.

Shuleni usiende kumchukua. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu anayemlea kwa amri ya mahakama, na utakuwa umempa mama yake hoja ambayo hakuwa nayo.

Nenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mtoto, ukiwa na nakala ya hukumu na kumbukumbu za malipo, umwombe awaite nyote wawili. Mkishindwana, rudi katika mahakama iliyotoa amri uombe itekelezwe, au ibadilishwe ili ilingane na ratiba yako ya safari. Ningekushauri uombe kidogo: saa chache za Jumamosi, mama au bibi akiwapo, kabla ya kudai likizo nzima na mtoto ambaye kwa sasa hakufahamu.