Nanyuki kwa Mtu Asiyepanda Mlima

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Nekesa,

Ujumbe wako niliusoma, nikamsomea na mama yako. Unasema Agosti, shule zikifungwa, mnataka kuja bara nyote watano: wewe, mumeo, watoto wawili, na mama mkwe wako Bi Zuhura, ambaye goti bado linamsumbua. Halafu ukauliza, "Baba, kwani Nanyuki kuna nini kwa mtu asiyepanda mlima?"

Kuna mengi, tena wengi wanaofika pale hawapandi kitu. Tabu ni kwamba wageni wa wikendi hutaka kuyamaliza yote kwa siku mbili. Hurudi Nairobi wamechoka kuliko walivyoondoka, na Mlima Kenya wenyewe hawakuuona. Kwa hiyo nitakutajia machache, na mengine nitakwambia uyaache.

Anza na mlima, maana una saa zake. Mji umekaa upande wa kaskazini-magharibi, kwa hivyo jua huchomoza upande wa vilele. Kwenye saa kumi na mbili asubuhi mtauona mweusi, umechongoka, na anga nyuma yake imeanza kuwaka. Ikifika saa tatu au saa nne mawingu huwa yameshapanda kutoka msituni yakaufunika, na anayeamka wakati huo huonyeshwa wingu akaambiwa mlima uko pale. Jioni mawingu yakikubali kuondoka, jua la magharibi huupiga usoni, na hapo ndipo majabali na barafu huonekana vizuri zaidi. Basi mkitafuta chumba, habari za bwawa la kuogelea ziulizeni baadaye. Kwanza ulizeni dirisha linatazama wapi.

Yule mtoto mkubwa atauliza barafu imefikaje karibu na ikweta. Mwambie kilele cha juu kabisa, Batian, kiko mita 5,199 juu ya bahari, na kwamba kwa wastani joto hupungua nyuzi sita na nusu kila ukipanda mita 1,000. Achukue joto la Mombasa la siku hiyo apige hesabu mwenyewe. Mjukuu wa mwalimu wa jiografia hapewi jibu la bure. Na aitazame sana hiyo barafu, maana imekuwa ikisinyaa tangu enzi nilipokuwa nashika chaki.

Ikweta mtaivuka mkitokea Naro Moru, kabla tu ya kuingia mjini. Pana kibao kikubwa cha kupigia picha, vibanda vya vinyago, na vijana wenye beseni lenye tundu. Watamwaga maji upande wa kaskazini, njiti ya kiberiti izunguke hivi. Watatembea hatua chache kusini, izunguke vile. Kwenye mstari wenyewe isizunguke kabisa. Mchezo mzuri, ila ni mchezo. Nguvu ya mzunguko wa dunia ni kweli hugeuza pepo na tufani, lakini hapo kwenye ikweta ni sifuri, na hatua ishirini pembeni haitoshi kugeuza maji ya beseni. Kinachoyageuza ni mkono wa anayeyamwaga. Usiwaambie watoto mapema. Waache washangae, kisha mwombe kijana ampe mkubwa beseni amwage mwenyewe, mara mbili tatu, upande uleule mmoja. Halafu mpe yule kijana chake, kazi ameifanya.

Siku nzima itoeni kwa hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta, kilomita kama kumi na tano hivi kutoka mjini. Kama mna siku moja tu, hiyo hiyo. Ni eka 90,000 za mbuga wazi, na Bi Zuhura ataiona yote akiwa ameketi garini, goti limenyooshwa. Kuna vifaru weusi zaidi ya 100, lakini wa kuwaendea hasa ni Najin na Fatu, mama na binti yake. Ndio vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani. Waliletwa mwaka 2009 kutoka hifadhi ya wanyama ya Dvůr Králové huko Czech, pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Suni alikufa 2014, na Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Majike hawa hawawezi kubeba mimba. Wanasayansi huchukua mayai ya Fatu, huyarutubisha maabarani kwa mbegu za madume waliokwisha kufa zilizogandishwa, wakitumaini vifaru weupe wa kusini watawabebea. Kuwaona huwekewa nafasi peke yake, mbali na kiingilio cha langoni, kwa hiyo fanyeni mapema.

Humo humo kuna makao ya sokwe. Kenya haina sokwe wa porini. Hawa ni waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa wanyama na watu waliowafuga vibaya, na wa kwanza walitoka Burundi mwaka 1993. Mdogo atacheka, kisha atauliza maswali magumu kuhusu waliowafungia. Jiandae.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Mwananchi ana bei yake, na bila kadi mtabaki mkibishana getini huku vifaru wakilala.

Siku ya pili iwe nyepesi. Asubuhi, mkishautazama mlima na kunywa chai, mpelekeni Bi Zuhura kwa Nanyuki Spinners and Weavers. Ni kikundi cha akina mama kilichoanza 1977 chini ya kanisa, wanaosokota sufu kwa mkono, wanaitia rangi za mimea na kufuma mazulia. Mtu anaruhusiwa kutazama kazi ikifanyika. Mwanamke aliyesuka ukili tangu utotoni hatahitaji mtu wa kumweleza, na nadhani nyinyi ndio mtakaochoka kumsubiri. Akitaka zulia, mwacheni aseme bei yeye.

Mchana watoto wapate zamu yao. Karibu na ile hoteli kubwa ya Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa 1959 na mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake, kuna kituo cha kulea wanyama yatima. Huko watamwona bongo, yule swala mkubwa mwekundu wa milimani mwenye mistari myeupe. Porini wamebaki chini ya 100, wote wako Kenya. Mwaka 2004 walirudishwa 18 kutoka hifadhi za Marekani ili wazaliane hapo hapo chini ya mlima wa babu zao.

Sasa ya kuacha. Msitu wa Ngare Ndare, kupita Timau, una daraja la kamba la mita 450 juu ya miti, na madimbwi ya maji ya buluu. Ni pazuri mno, lakini lile daraja hutikisika na kwa goti lile hapana. Mumeo akitaka kumchukua mkubwa peke yao, sawa, ila iwe siku ya tatu. Lango la Sirimon, la kuingilia mlimani, nalo liko mita 2,650. Mtu aliyetoka usawa wa bahari juzi atahema akivuka ukumbi, sembuse njia ya msituni. Treni ya Nanyuki, ambayo reli yake ilifufuliwa 2020, huenda polepole na si kila siku. Baada ya SGR, ile treni ya kutoka Mombasa, mtakuwa mmeshiba reli.

Njooni kwetu kwanza, mlale siku mbili. Wapwani mkifika Nairobi Agosti mnatetemeka. Nanyuki usiku ni baridi zaidi, na mjukuu mdogo namjua, hukataa soksi. Leteni sweta, kofia za sufu, na mafuta ya kujikinga na jua, kwani mchana jua la kule huunguza bila mtu kuhisi joto. Kuhusu chakula asiwe na wasiwasi Bi Zuhura: Waislamu wamekaa mji ule miaka mingi, msikiti upo na hoteli za nyama halali zipo.

Ni kama kilomita 200 kutoka hapa, saa nne mkiendesha bila pupa, kupitia Karatina. Soko la Karatina lisiwapotezee muda mkienda. Mkirudi ndipo mnunue viazi na maparachichi, na mama yako ana orodha yake tayari. Mjomba wako Wafula amekubali kutuazima gari lake la Noah, mafuta juu yenu. Wakati wa kiangazi gari hilo litapita vizuri barabara za Ol Pejeta. Mvua ikinyesha, kodisheni gari lililoinuka juu mjini.

Kata tiketi za SGR wiki hii, maana likizo ya Agosti hujaa upesi. Ukishajua mnafika kwa treni ya mchana au ya usiku nipigie, nimwambie Wafula awasubiri Syokimau.

Baba yako