Kuandika Mwongozo wa Programu Inayoorodhesha Viongezo vya LoRA: Ushauri kwa Wanaoanza

Ukipewa kazi ya kuandika mwongozo wa programu inayoorodhesha viongezo vya LoRA (mafaili madogo yanayoongezwa kwenye modeli ya kutengeneza picha ili kubadilisha picha inazotoa) vilivyomo kwenye kompyuta, huenda ukaiona nyepesi, kwa kuwa programu yenyewe husoma folda na kutoa majina. Mimi niliichukulia hivyo, nikaandika ukurasa mmoja wa kueleza namna ya kuiwasha. Maswali yaliyonifikia baadaye hayakuhusu kuiwasha hata kidogo. Watumiaji waliuliza kwa nini faili walilolipakua jana halimo, kwa nini safu ya modeli ya msingi, yaani modeli kubwa ambayo kiongezo kilifunzwa juu yake, iko tupu, na kwa nini kiongezo kinachoonekana kwenye orodha hakibadilishi chochote kwenye picha. Nakushauri uanze kuandika kutokea kwenye maswali hayo matatu.

La kwanza halina urefu. Kati ya programu za kutengeneza picha, WebUI ya AUTOMATIC1111 huweka viongezo katika models/Lora, ilhali ComfyUI huviweka katika models/loras na huweza kuelekezwa kwingine kupitia faili la extra_model_paths.yaml. Taja anwani kamili, kwa herufi zilezile, kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo; kisha useme kama folda za ndani nazo husomwa. Sema pia kama programu hufungua mafaili ya .pt, kwa kuwa mafaili ya aina hiyo yanaweza kubeba amri zinazotekelezwa yanapofunguliwa, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema.

Swali la safu tupu ndilo linalohitaji utulie. Faili la safetensors, aina ya faili inayotumika sana kuhifadhi viongezo, huanza na baiti 8 zinazotaja urefu wa kichwa chake, kisha hufuata kichwa chenyewe kwa muundo wa maandishi wa JSON, ambamo huweza kuwemo sehemu iitwayo __metadata__. Programu za kufunzia za kohya-ss huandika humo taarifa kama ss_base_model_version (modeli ya msingi) na ss_network_dim (ukubwa wa matriki za kiongezo), na ndiyo maana orodha hutoka upesi bila kulisoma faili zima. Hata hivyo, sehemu hiyo si ya lazima, na aliyekifunza kiongezo anaweza kuiondoa. Tazama mistari hii miwili, yenye jina, modeli ya msingi na ukubwa:

rangi_maji | sd_v1 | 32
rangi_maji_mpya | – | –

Mtumiaji mmoja alifuta faili la mstari wa pili akidhani limeharibika, na faili lilikuwa zima. Kosa lilikuwa la mwongozo wangu, kwa sababu sikuandika kwamba kistari humaanisha faili halikubeba taarifa hiyo. Tangu hapo, kila safu ninaiandikia mambo mawili: thamani yake inatoka wapi, na ikikosekana maana yake ni nini.

Safu ya jina nayo ina mtego wake. Mtu akibadilisha jina la faili, jina lililoandikwa ndani, yaani ss_output_name, hubaki lilelile la zamani; kwa hiyo mwongozo useme orodha inaonyesha lipi kati ya hayo mawili, na lipi liandikwe katika maelezo ya picha, kwa mfano <lora:rangi_maji:0.8>.

Kuhusu kiongezo kisichobadilisha picha, inakubidi ueleze kidogo LoRA ni nini. Njia hii, iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa Microsoft kwa ajili ya modeli za lugha, huiacha modeli ya msingi kama ilivyo na kuongeza jozi za matriki ndogo, yaani majedwali ya namba, juu ya tabaka zake. Matriki hizo lazima zilingane na vipimo vya tabaka husika: modeli ya picha ya Stable Diffusion 1.5 hupokea maneno kwa vekta (orodha za namba) zenye namba 768, na modeli ya SDXL kwa vekta zenye namba 2048, hivyo kiongezo kilichofunzwa kwa ajili ya moja hakifai kwa nyingine. Orodha huthibitisha kuwapo kwa faili tu, na jambo hilo ninaliandika juu kabisa ya ukurasa, kabla ya amri ya kwanza.

Mwisho, mfano wa matokeo uunakili kutoka kwenye kompyuta ambayo programu imesakinishwa upya, usiuandike kwa kukumbuka, na uunakili tena kila safu inapoongezwa au kupewa jina jipya.